Ile Dunia ya Kwanza Imeisha?

Saa nane mchana Garissa hulala macho wazi. Madereva wa tuk-tuk huegesha kivulini wakanyoosha miguu nje, mbuzi wa mtaa hujilaza katikati ya barabara kwa kuwa wanajua hakuna gari lenye haraka, na wale makorongo wakubwa wa jalalani husimama juu ya mapaa ya ofisi bila kutingisha hata unyoya. Saa hiyo mimi huwa ofisini chuoni, chini ya feni inayozungusha joto badala ya kulifukuza, nikitazama mawingu.

Si mawingu ya mvua. Hayo hapa huja yanapotaka na huondoka bila kuaga. Yangu yalikuwa mawingu ya atomi, kila moja dogo kuliko punje ya mchele, yaliyotengenezwa katika maabara moja ng'ambo na kupozwa hadi yakawa baridi kuliko anga lenyewe lililo kati ya nyota. Kutazama kitu cha baridi namna hiyo ukiwa Garissa mwezi wa tatu ni starehe ya pekee. Nilikuwa nikisogeza kiti karibu na skrini nikijidanganya kwamba itanipuliza.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mtu wa Magharibi mwa Kenya, na kwetu ni kijani na matope. Nilipohamishiwa huku nilinung'unika mwaka mzima. Mwaka wa pili nikanunua feni. Wa tatu nikaacha kuomba uhamisho. Watu wa ile maabara nilijuana nao kwa barua pepe, baada ya kuwaandikia swali la kijeuri kuhusu kazi yao. Badala ya kukasirika wakanipa kazi. Walitaka kujua ulimwengu ulikuwaje ulipokuwa mchanga, ukitanuka kwa kasi, kabla ya nyota. Kurudi huko hakuna anayeweza, basi wao walitengeneza ulimwengu mdogo wa atomi na kuutanusha juu ya meza.

Namna walivyoutanusha ndiyo iliyoniteka. Hawakulivuta lile wingu likawa kubwa. Wingu lilibaki vilevile. Fikiria njia ya Garissa kwenda Modogashe. Barabara ikiwa kavu, unakunywa chai hapa asubuhi na chakula cha mchana unakila kule. Mvua ikinyesha, malori yanazama hadi kwenye ekseli, na unaweza kulala njiani siku mbili. Modogashe haijasogea hata hatua moja, lakini kwa msafiri imekuwa mbali. Wenzangu walifanya hivyo hivyo: waligeuza nguvu ya sumaku iliyolizunguka wingu, na sauti iliyokuwa ikisafiri ndani yake ikaanza kwenda polepole, kisha polepole zaidi. Kwa sauti ile, kila mahali pakawa mbali. Ulimwengu wake ulikuwa umetanuka.

Na ulimwengu ukitanuka ghafla, hata kimya chake hakitulii. Vijiwimbi huzaliwa mahali palipokuwa shwari, viwili viwili, pacha, kimoja kikienda huku na kingine kule. Wanaojua husema kwamba makundi yote ya nyota tunayoyaona yalianza na vijiwimbi vya namna hiyo. Mchana mwingine nilikuwa nikifumba macho na kuwaza hayo hadi chai ikapoa, jambo ambalo Garissa si rahisi kutokea.

Taabu ilikuwa moja. Ukilipiga wingu picha, linakufa. Mwanga wenyewe wa kupigia picha hulitawanya. Inabidi utengeneze jingine, ulipoze, ulitanushe, ulipige picha, nalo life. Kwa hiyo picha zilikuwa maelfu, na kila moja ilikuwa ya wingu lililoishi mara moja tu. Kazi yangu ilikuwa kuzichambua kama mtu achambuavyo mchele: yenye vumbi la kamera, tupa, yenye mchirizi wa kioo, tupa, nzuri, peleka mbele wakaipime.

Katika kazi hiyo nilikuwa na mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, binti wa wafugaji wa ngamia kule Modogashe. Alikuwa mkimya mwenye dharau kidogo, dharau ile nzuri ya mtu anayejua kitu na hana haraka ya kukwambia. Nilipofundisha wale wa mwaka wa kwanza alikuwa akija kukaa nyuma, kwenye kiti cha dirishani, akinisaidia kusahihisha. Maabara ya ng'ambo ilikuwa imetangaza nafasi moja ya mwanafunzi, naye aliiomba. Uamuzi ungetolewa Ijumaa moja ya mwezi wa nne. Kila kitu kingetegemea barua yangu.

Lazima niseme mimi ni mtu wa aina gani, maana bila hilo hamtaelewa nilichofanya. Mimi ni mtu wa orodha. Kila kipindi nilianza kwa kuita nambari za usajili, si majina, kwa kuwa hapa majina hujirudia hadi ukachanganyikiwa. Nambari hujibu "yupo", naweka tiki, naendelea. Halafu nina hasira za karibu. Mke wangu, ambaye yuko nyumbani Magharibi na shamba letu, husema kwamba hasira yangu hufika kabla yangu.

Wiki ile ya uamuzi, siku ya Jumatatu, maabara iliniandikia kwamba kuna jambo lisiloeleweka. Picha zilizochambuliwa na wengine zilikuwa zikionyesha, zikipimwa pamoja, kijilima fulani kwenye mchoro: alama ya wale pacha, ishara kwamba vijiwimbi vimezaliwa. Zangu zilitoa mstari ulionyooka. Wakauliza kwa adabu nimefanya nini.

Jibu la kweli lilikuwa "sijui". Lakini mimi na "sijui" hatujawahi kupatana. Nikafungua kazi za mwanafunzi wangu, nikakuta ameokota na kuweka kando picha nyingi ambazo programu yangu ya kuchuja ilikuwa imezitupa, bila kuniambia. Nikatafuta hesabu yake: ngapi nzuri, ngapi mbovu. Hakuna. Daftari zima halikuwa na jumla hata moja. Nikamwita ofisini saa ya chai, walimu wenzangu wawili wakiwa wamekaa na vikombe vyao.

"Ulizoweka kando ni ngapi?" nikamuuliza.

"Zote zipo, maalim."

"Sikuuliza kama zipo. Nimeuliza ni ngapi."

"Sijazihesabu."

"Miezi mitatu unatazama picha hizi na hujazihesabu?"

"Nazijua," akasema.

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, kicheko kibaya, kile cha kutafuta wenzako wakuunge mkono. Nikamwambia sayansi haiendi kwa kujuana. Nikamwambia anachagua picha anazozipenda, na kwamba hiyo ni dhambi kubwa kuliko zote katika kazi hii. Kisha, kwa kuwa walikuwa bado wanacheka, nikaongeza kwamba hapa si sokoni kwa mbuzi.

Alilitoa daftari lake kwenye mkoba, akaliweka juu ya meza yangu taratibu, akanyoosha ukingo wake ulingane na ukingo wa meza. "Haya, maalim," akasema, akatoka.

Hasira ni hasara, na hasara yangu niliituma kwa barua pepe dakika ileile. Niliiandikia maabara kwamba kosa limepatikana, ni la mwanafunzi wangu, na kwamba mtu asiyeweka hesabu si wa kuaminiwa na data. Nilipobonyeza kutuma nilijisikia mwepesi. Namwogopa sana mtu yule niliyekuwa dakika ile.

Kesho yake mchana nilifungua daftari, nia yangu ikiwa kutafuta ushahidi zaidi. Kila ukurasa ulikuwa umejaa mwandiko mdogo ulionyooka. Hakukuwa na nambari. Kulikuwa na maelezo. "Huyu ana kovu juu ya bega la kushoto. Kovu lilikuwa pale pale kwa aliyetangulia na aliyefuata. Ni la kioo, si lake." "Huyu ametulia, ila tumbo limezama kidogo upande wa kulia." "Huyu mkali, ana mistari miwili inayotazamana. Mistari ni yake. Wa kabla yake hakuwa nayo, wa baada yake hana." Ukurasa baada ya ukurasa, mawingu yote, mojamoja. Mengine aliyaeleza kwa maneno matatu, mengine kwa aya nzima, na mahali pamoja aliandika tu, "Huyu mzuri sana."

Nilicheka. Kisha usingizi wa saa nane ukanichukua nikiwa na daftari kifuani.

Nikaota mawingu yakipita barabarani, meupe, marefu, yakienda mwendo wa kuyumba kuelekea mtoni, na shingoni kila moja lina kengele ya mti. Nilikuwa nimesimama kando ya njia na ubao wa tiki mkononi. Kila nilipoweka tiki, wingu nililoliwekea lilikuwa laini, halina uso. Adhana ya alasiri ikaniamsha, na nilipofumbua macho nilikuwa nimeshaelewa, kwa njia ile ya aibu ambayo mtu huelewa jambo lililokuwa mbele yake muda wote.

Chujio langu lilikuwa na sheria moja: picha inayotofautiana sana na wastani, tupa. Nilidhani natupa uchafu. Lakini ukichanganya mawingu elfu, kila moja na vijiwimbi vyake, vijiwimbi huuana, ukabaki na wingu moja laini ambalo halijawahi kuwepo popote. Kwa hilo lisilokuwepo, nilikuwa nikiyahukumu yale yaliyokuwepo. Tofauti ndiyo iliyokuwa habari yenyewe, nami nilikuwa nikiitupa kwa uaminifu mkubwa, kila siku, na kuhesabu nilichotupa.

Yeye alikuwa ametenga kwa akili ya kwao. Alama ambayo haihami ni ya kioo. Inayokuja na wingu na kuondoka nalo ni ya wingu. Niliziingiza kwenye kompyuta picha zote ambazo daftari lake lilizikubali, nikangoja feni ikilia. Mstari ukajitokeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na mahali pale pale palipotakiwa, ukainuka kijilima. Hapo nililia kidogo. Nasema kidogo kwa kujisitiri.

Niliiandikia maabara upya, nikaeleza yote bila kujipunguzia. Walijibu asubuhi ya Jumatano. Walifurahia kijilima. Lakini mwanafunzi wangu mwenyewe alikuwa amewaandikia Jumatatu jioni kwamba anaondoa ombi lake. Kama angelitaka tena, ilibidi awaandikie mwenyewe kabla ya Ijumaa adhuhuri, nami nijaze fomu mpya ya kumpendekeza. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Nilimpigia simu, haikupatikana. Mwenzake wa chumba akaniambia amerudi Modogashe kwa ayeyo wake, yaani bibi yake mzaa mama, na kwamba huko mvua imenyesha na mtandao umekufa. "Na alisema harudi, maalim," akaongeza. Alinitazama usoni alipolisema hilo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilipata lori lililokuwa likienda kupakia ng'ombe, nikakaa mbele na dereva, na mbele ya macho yangu nilishuhudia kile ambacho maabara inalipa umeme mwingi kukiona. Njia ikatanuka. Kilomita ileile iliyokuwa ya dakika moja ikawa ya saa. Tulizama, tukachimba, tukaweka matawi, tukazama tena. Maji mekundu yalitandaa pande zote hadi miti ikaonekana inaelea, na anga ilikuwa imeshuka karibu na kioo cha gari. Twiga watatu walisimama majini wakitutazama, wakaendelea kutufikiria hata tulipowapita. Dereva aliniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia naenda kuomba msamaha. Akapunguza redio kwa heshima.

Tulifika Alhamisi alasiri. Nyumba ya ayeyo ilikuwa pembeni ya mji, na yeye mwenyewe alikuwa nje akikamua kitambaa chenye maji ya mvua. Mama mfupi, macho makali, fimbo imeegemea ukuta karibu naye. Nilitoa salamu, akaitikia, kisha akanitazama matope kutoka viatuni hadi kichwani. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kisomali, p ikigeuka b na v ikigeuka f.

"Wewe ndio maalim ya hesabu?"

"Ni mimi, mama."

"Kaa. Kunywa maziwa. Msichana nakuja na ngamia."

Nilikaa kwenye mkeka. Maziwa yalikuwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi, na nilikuwa na njaa kuliko aibu. Akaniuliza mjukuu wake alikuwa akifanya kazi gani huko kwangu, maana alipomuuliza mwenyewe alijibiwa mambo yasiyoingia kichwani. Nikajaribu. Nikamwambia kuna watu ng'ambo wanaotengeneza dunia ndogo, wanaitanusha, halafu wanaipiga picha.

"Dunia?"

"Ndogo sana, mama. Kama punje."

Akafikiri. "Ile ya kwanza imeisha?"

Nikasema haijaisha, ila tunataka kujua ilivyoanza. "Mungu najua," akasema. "Lakini fizuri kuuliza. Na bicha ikibigwa, hiyo dunia ndogo nakwenda wabi?"

"Inakufa."

"Bole," akasema, na alimaanisha. Mimi, katika miaka yote ya kazi ile, sikuwahi kuyaambia yale mawingu pole.

Kengele zilisikika kabla ya ngamia kuonekana. Kila mmoja alikuwa na kengele ya mti shingoni, na kila kengele ilikuwa na sauti yake, nzito, nyepesi, kavu, iliyopasuka. Wakatoka kwenye vichaka wakiyumba, na nyuma yao mwanafunzi wangu, sketi imefungwa kiunoni, miguu ya matope, pamoja na mjomba wake. Kidole changu kikainuka chenyewe. Mmoja, wawili, watatu. Fimbo ikatua juu ya mkono wangu, si kwa nguvu, lakini iliuma.

"Habana hesabu!" ayeyo akasema. "Jicho mbaya hiyo. Wewe nataka wakufe?"

Nikashusha mkono. Na ghafla nikamkumbuka nyanya yangu mwenyewe, kule Magharibi, siku karani alipokuja kuandika watu wa boma letu na kumuuliza wajukuu ni wangapi. Alimwambia wajukuu si kuku, akaingia ndani. Nilikuwa mtoto niliyeanza shule na nilimwonea haya. Nimekwenda mbali kiasi gani, nikajiuliza, mpaka nikasahau kitu cha nyumbani kwetu.

Mwanafunzi wangu alikuwa bado hajanisalimia. Alisimama akiwatazama ngamia wakipita mbele yake, macho yakienda taratibu kutoka kwa mmoja hadi mwingine, midomo imefungwa. Alipofika mwisho akamwambia mjomba wake neno kwa Kisomali, na mjomba akageuka, akarudi vichakani bila kuuliza. Baada ya muda akatoka akimswaga ngamia mdogo mwenye sikio lililochanika. Hakuna aliyekuwa amehesabu. Mimi ndiye pekee niliyekuwa na nambari kichwani, na nambari yangu haikunisaidia kitu.

Nilimkosea mbele za watu, kwa hiyo niliomba wawepo watu. Mjomba akaja, na majirani wawili, na ayeyo akakaa katikati na fimbo yake. Nilisimama nikaeleza: kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba nilimwita mdanganyifu naye alikuwa sahihi, kwamba niliandika barua mbaya, na kwamba nilisema neno la soko la mbuzi. Neno hilo jirani mmoja aliomba nilirudie. Nikalirudia. Wakaangaliana, wakaniacha nisimame nalo.

"Soko ya mbuzi iko na shida gani?" jirani akauliza.

"Haina shida," nikasema. "Shida ni mimi."

Mwanafunzi wangu akacheka, mara moja, akiziba mdomo kwa mtandio. Nikajua nimesamehewa nusu. Kisha nikatoa simu na kumwonyesha kijilima. Alikitazama muda mrefu, akikikuza na kukipunguza kwa vidole, na sijaona uso wa mtu ukifurahi kwa utulivu namna ile.

"Yule mkali yumo?" akauliza.

"Yumo."

"Na yule mzuri sana?"

"Yumo pia."

Nikamwambia habari ya Ijumaa adhuhuri. Akasema hajui kama anataka tena kwenda mahali ambapo walimsikia kwanza kwa barua ile yangu mbaya. Ayeyo, ambaye nilidhani hafuatilii, akaingilia. "Mchukue," akaniambia. "Siku tatu yuko haba, chai yote naungua. Anaangalia mawingu."

Basi tukakaa mlangoni na ile fomu. Nilikuwa nimeipakua kabla ya kuondoka Garissa. Swali la kwanza lilitaka nimpange kwa nambari: kati ya wanafunzi wote niliowahi kufundisha, yeye ni wa ngapi. Chini yake palikuwa na nafasi ya maelezo.

"Niweke ngapi?" nikamuuliza. Nilikuwa tayari kuweka moja.

"Andika unavyonijua, maalim."

Nikashika kalamu, maana nilitaka kuandika kwanza kwenye daftari lake, nililokuwa nimekuja nalo, kisha nihamishe kwenye simu. Na hapo ndipo nilipopata adhabu yangu hasa, si pale nilipokuwa nimesimama. Sikuwa na cha kuandika. Miaka mitatu alikuwa amekaa hatua chache kutoka mezani kwangu, na nilichokijua ni nambari yake ya usajili, ambayo niliikumbuka yote, pamoja na alama ya mkwaju katikati. Yeye alikuwa na ukurasa mzima juu ya wingu lililoishi muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Nikamwambia ukweli huo. Nilitaka aniambie si kitu, lakini hakuniambia.

"Basi uliza," akasema.

Nikauliza hadi magharibi, wakasali, nikauliza tena. Nilijifunza kwamba alijua hesabu za kuzidisha akiwa nyuma ya ngamia kabla hajawahi kukaa darasani. Kwamba anaogopa lifti. Kwamba alichagua fizikia kwa sababu ya sauti: alikuwa akilala akisikiliza kengele na kujua nani yuko wapi gizani, akataka kujua sauti ni kitu gani. Kwamba kile kiti cha nyuma alikichagua kwa kuwa dirishani huonekana njia ya kurudi kwao. Niliandika yote. Ijumaa asubuhi minara ikaamka, simu ya kila mtu mjini ikalia kwa pamoja, naye akaandika barua yake, nami nikatuma fomu. Pale pa nambari niliacha wazi. Fomu ilinionya mara mbili kwamba sijajaza. Mara ya tatu ikakubali.

Walimkubali. Waliandika kwamba hawajawahi kupokea maelezo marefu namna ile, na wakauliza kwa adabu yao kama lile pengo la nambari ni kosa. Nikawajibu si kosa.

Aliondoka mwezi wa nane. Ayeyo alikuja Garissa kumsindikiza, akanipa kibuyu cha maziwa, akaniambia niwaambie wale watu wa dunia ndogo wasiharakishe. Kutoka huko huniandikia. Hanitumii michoro, hunitumia wingu moja, la siku hiyo, na maneno machache chini yake. Nami huyasoma saa nane, mji ukiwa umelala.

Muhula ulipoanza niliingia kwa wale wa mwaka wa kwanza na orodha mkononi kama kawaida. Nikaiweka mezani kifudifudi. Nikawatazama mmoja mmoja, taratibu, jinsi nilivyoona ikifanywa: mwenye kovu kwenye nyusi, anayeuma kalamu, wawili wanaokaa pamoja lakini wamenuniana, yule anayecheka kabla ya mzaha kufika. Wakaanza kutazamana.

"Maalim, kwani wewe huiti orodha?"

"Mmekuja wote," nikasema, na ilikuwa kweli, nambari zote zilikuwepo. Kisha nikageukia ubao, kwa sababu macho yalikuwa yameshakwenda kwenye kile kiti cha dirishani, na yule niliyekuwa nikimtafuta hakuwahi kuwemo katika orodha ile hata siku moja.